Zaid bin Thabit, Mwandishi wa Wahyi

Katika maswahaba walioutumikia umma huu kwa kalamu, wachache walitwikwa amana nzito kama ya Zaid bin Thabit, Mwenyezi Mungu amwie radhi. Alikuwa Ansari wa Banu Najjar, katika kabila la Khazraji. Mtume (S.A.W.) alipohamia Madina mwaka 622, Zaid alikuwa yatima wa miaka 11 hivi.

Udogo wake haukumzuia. Mtume alimwamrisha ajifunze maandishi ya Mayahudi, naye akayaweza kwa muda wa nusu mwezi. Kisha akawa miongoni mwa waandishi wa wahyi. Imepokewa kwamba kila alipomaliza kuandika, Mtume alimtaka amsomee alichokiandika. Likiwa limeanguka neno, humrekebishia, ndipo maandishi yakatolewa kwa watu.

Mahafidhi wengi walipouawa katika vita vya Yamama, Sayyidna Umar alimshauri Khalifa Abu Bakr Qurani ikusanywe, na kazi ile ikamwangukia Zaid. Aliiona nzito kuliko kuhamisha jabali. Yeye mwenyewe alikuwa hafidhi, lakini hakutosheka na moyo wake peke yake. Alizifuatilia aya katika makuti, mawe bapa, ngozi na vifua vya watu, na imepokewa kwamba hakukubali andiko ila kwa mashahidi wawili.

Zama za Sayyidna Uthman, watu wa miji mbalimbali walipoanza kuhitilafiana katika kisomo, Zaid aliwekwa pamoja na Makureshi watatu wanakili misahafu. Hapo aliikosa katika maandishi aya moja ya Sura Al-Ahzab, ambayo alikuwa akimsikia Mtume akiisoma. Hakuiandika kwa kumbukumbu yake tu. Aliitafuta mpaka akaipata kwa Khuzaima bin Thabit. Tena walihitilafiana juu ya neno tabuti: je, liishie kwa herufi ha au ta? Ilikuwa herufi moja tu, wala hawakuidharau. Waliipeleka kwa Khalifa, naye akaamrisha liandikwe kwa lugha ya Kikureshi, yaani kwa ta. Misahafu ilipokamilika ikapelekwa katika miji.

Zaid alifariki Madina yapata mwaka 45 Hijria (665).

Ndugu Waislamu, Qurani ina hifadhi ya Mola wake. Vitabu vyetu vingine vinahifadhiwa kwa juhudi zetu. Nukta moja huigeuza ra ikawa zai, na neno likapoteza maana. Mtoto wa chuo hana cha kulinganishia: alichoandikiwa ndicho atakachokihifadhi, na kosa lililopigwa chapa mara moja hufundishwa miaka mingi. Basi kitabu kisipelekwe mtamboni mpaka kisomwe na wawili, mmoja akisoma asili kwa sauti, mwingine akifuatilia nakala herufi kwa herufi. Wala mwandishi asione haya kusahihishwa, kwani Zaid, pamoja na elimu yake, alisomesha alichoandika na akakubali kurekebishwa.

Mwenyezi Mungu amrehemu Zaid, na atujaalie uaminifu wa kalamu yake. Amin.