Tom Mboya na Kura ya Mjini

Thomas Joseph Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 katika shamba la mkonge la Kilima Mbogo, si mbali na Thika, ambako baba yake alikuwa ameajiriwa. Asili ya wazazi wake ni kisiwa cha Rusinga katika Ziwa Viktoria. Alikuwa na kwao asikokulia, hali ambayo wakazi wengi wa Nairobi wanaifahamu fika.

Baada ya kufuzu kuwa bwana afya aliajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi, na mwaka 1953 akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi. Hiyo ilikuwa enzi ya Hali ya Hatari. Mwaka 1955 serikali ya kikoloni iliwaruhusu Waafrika kuunda vyama vya siasa, ila kila chama kiishie katika mipaka ya wilaya yake. Kwa maoni yangu, hapa ndipo palipopandwa mbegu ya utengano tunaoujua. Mpiga kura wa mashambani aliingia katika siasa kupitia wilaya, na wilaya aghalabu ilikuwa kabila. Mjini, vibarua na makarani wa makabila mbalimbali walikuwa tayari wamezoea kudai ujira pamoja.

Machi 1957 Mboya alitwaa kiti cha Nairobi kwa kumshinda wakili Argwings-Kodhek. Ushindi huo hauthibitishi mengi. Wote wawili walikuwa Wajaluo, na masharti ya elimu na mapato, fauka ya cheti cha utiifu kwa serikali walichodaiwa Wakikuyu, yaliwafungia wengi nje. Mtihani halisi ulikuja Februari 1961. Katika Nairobi Mashariki Wakikuyu ndio waliokuwa wapiga kura wengi, na mpinzani wake mkuu, Dkt. Munyua Waiyaki, alikuwa daktari wa jamii hiyo. Isitoshe, baadhi ya viongozi wa KANU walimpiga vita Mboya ijapokuwa yeye ndiye aliyekuwa katibu mkuu wa chama. Alizoa takriban kura tisa katika kila kumi.

Hasimu wake, Oginga Odinga, alikuwa na ngome yake Nyanza ya Kati. Wafuasi wa Mboya walikuwa wapangaji, watu ambao wengi wao mioyo yao ilibaki kwenye mashamba ya baba zao. Nadhani alilijua hilo kuliko wanavyokiri wasifu wake.

Tarehe 5 Julai 1969 alipigwa risasi nje ya duka la dawa katika barabara iliyoitwa Government Road, akiwa na umri wa miaka 38. Siku tatu baadaye, kwenye misa ya wafu jijini, msafara wa Rais Kenyatta ulirushiwa mawe, na Wajaluo na Wakikuyu waliompigia kura kwa pamoja wakatazamana kwa uhasama. Maiti yake ilisafirishwa hadi Rusinga, ambako ndiko kaburi lake liliko. Sanamu yake, iliyozinduliwa mwaka 2011, imesimama Nairobi, kando ya barabara ile ile, ambayo sasa huitwa Moi Avenue.