Louis Pasteur na Mbwa Ambao Hakuweza Kuwachanja

Tarehe 28 Septemba ya kila mwaka ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Siku hiyo ilichaguliwa kwa kuwa ndiyo aliyofariki Louis Pasteur, mwaka 1895. Kwa familia za Mbagala, Tandika, Bunju na Tegeta, ambako mbwa wengi wana wenyewe lakini huzurura mchana kutwa wakitafuta chakula, maisha ya Mfaransa huyo yanastahili kufahamika. Chanjo anayodungwa mbwa wa Temeke leo ina asili yake katika kazi yake.

Pasteur alizaliwa Dole, mashariki mwa Ufaransa, tarehe 27 Desemba 1822, katika familia ya Kikatoliki. Baba yake alikuwa fundi wa kutengeneza ngozi, na mtoto alikulia katika mji mdogo wa Arbois. Mwaka 1831, alipokuwa na umri wa miaka minane, mbwamwitu mwenye kichaa alipita katika vijiji vya eneo hilo akiuma watu na wanyama. Majeruhi walipelekwa kwa mhunzi, wakachomwa vidonda vyao kwa chuma kilichoiva motoni, maana hapakuwa na tiba nyingine. Baadhi yao walikufa hata hivyo, tena kwa mateso makubwa. Kijana Louis aliyaona na kuyasikia hayo, na hakuyasahau.

Hakuwa tabibu. Alisomea kemia, na umaarufu wake wa kwanza ulitokana na uchunguzi wa fuwele, wa kuchacha kwa mvinyo na bia, na wa maradhi ya viwavi wa hariri. Nyumbani kwake, wakati huo, msiba ulifuata msiba. Kati ya mwaka 1859 na 1866 yeye na mkewe Marie walizika mabinti watatu. Mwaka 1868 alipata kiharusi kilichomwachia udhaifu wa upande wa kushoto hadi mwisho wa maisha yake. Mtu mwingine angestaafu. Yeye aliendelea, na mwaka 1881, huko Pouilly-le-Fort, aliwaonyesha wafugaji mbele ya umati kwamba kondoo waliochanjwa dhidi ya kimeta walibaki hai, huku wale wasiochanjwa wakifa.

Baada ya hapo aligeukia kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu huingia mwilini kwa mate ya mnyama aliyeugua, husafiri polepole kupitia mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo, na dalili zikishajitokeza karibu hakuna anayepona. Pasteur hakuweza kukiona kimelea chenyewe, kwa kuwa hadubini za wakati wake hazikuwa na uwezo huo. Akisaidiwa na Émile Roux, alikikuza katika sungura, kisha akaukausha uti wa mgongo wa sungura hao ndani ya chupa hadi sumu yake ikafifia. Kwa dawa hiyo waliwakinga mbwa wapatao hamsini.

Ni haki kusema wazi kwamba wanyama wengi walikufa katika kazi hiyo. Wale waliofanya kazi pamoja naye wamesimulia kwamba hakupenda kuona mnyama akiteseka. Roux alipotaka kutoboa fuvu la mbwa ili kuingiza kimelea ubongoni, Pasteur alisitasita, ijapokuwa mbwa angepewa dawa ya usingizi. Roux alifanya upasuaji huo wakati mzee hayupo, na kesho yake Pasteur alifurahi kumkuta mbwa yule akitembeatembea, akampapasa kwa upole. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2416 hadi 2418, inafundisha kwamba tunawiwa wema kwa wanyama, na kwamba majaribio juu yao yanakubalika yakiwa na kiasi na yakisaidia kuokoa uhai wa binadamu. Pasteur aliishi zamani kabla ya Katekisimu hiyo, lakini dhamiri yake ilikuwa karibu na fundisho hilo.

Tarehe 6 Julai 1885 mama mmoja kutoka Alsace alifika Paris na mwanawe wa miaka tisa, Joseph Meister, aliyekuwa ameumwa mara nyingi na mbwa mwenye kichaa siku mbili kabla. Dawa ilikuwa bado haijathibitishwa kwa binadamu. Madaktari waliomwona mtoto walihukumu kwamba bila hatua yoyote angekufa. Kwa kuwa Pasteur hakuwa na ruhusa ya kutibu, Dkt. Grancher ndiye aliyemdunga mtoto sindano, kumi na tatu kwa jumla, na usiku wa siku zile Pasteur alikosa usingizi kwa hofu. Mtoto alipona. Miezi michache baadaye binti mdogo, Louise Pelletier, aliletwa zaidi ya mwezi mmoja baada ya kuumwa. Pasteur alijua kwamba muda umepita, akakubali kumtibu kwa sababu ya wazazi wake, na binti akafariki.

Habari hiyo ya binti yapasa kukaa mioyoni mwa wazazi wa Kinondoni na Temeke. Anayeumwa au kukwaruzwa na mbwa au paka aoshwe kidonda papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, kisha afikishwe kituo cha afya siku ileile. Kusubiri kuona kama mbwa atakufa, au kupaka pilipili na mafuta, ni kupoteza muda uleule uliompotea Louise.

Lakini liko jambo jingine ambalo Pasteur mwenyewe hakuliweza. Alikuwa amefikiria kuwachanja mbwa wote. Alikadiria kwamba Paris peke yake ilikuwa na mbwa zaidi ya laki moja, na Ufaransa nzima takriban milioni mbili na nusu, na kila mmoja angehitaji sindano kadhaa. Akaliacha wazo hilo kuwa haliwezekani, akachagua kuwatibu watu waliokwisha kuumwa. Siku hizi sindano moja kwa mwaka humkinga mbwa au paka, na imethibitika kwamba asilimia 70 ya mbwa wa eneo wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Utafiti uliofanywa Tanzania ulikadiria vifo vya watu wapatao 1,500 kwa mwaka, na watoto ni wengi miongoni mwa waathirika. Kuwaua mbwa kwa sumu au kwa risasi hakuzuii ugonjwa, kwani wengine huja kushika nafasi zao bila chanjo. Kumpeleka mbwa kwa ofisa mifugo wa kata kunazuia, na pia kumpa maji, chakula na mahali pa kulala ili asiwe mzururaji.

Taasisi ya Pasteur ilifunguliwa mwaka 1888 kwa michango ya watu wa mataifa mengi. Pasteur alifariki Villeneuve-l'Étang, mahali ambapo mbwa wake wa majaribio walikuwa wakitunzwa, baada ya kupokea sakramenti za Kanisa. Amezikwa chini ya Taasisi hiyo. Joseph Meister, alipokuwa mtu mzima, aliajiriwa hapo kuwa mlinzi, na alikuwa bado katika kazi hiyo alipofariki mwaka 1940.