Michuki, mtu aliyewafunga mikanda abiria wa matatu

Mtaa wa Kiwanjani, mjini Isiolo, uko ubavuni mwa kiwanja cha ndege, na jina lake lasema hivyo hivyo. Abiria apandaye ndege hapo hufunga mkanda kabla magurudumu hayajabiringika, wala haoni ajabu. Hapana anayemwambia mhudumu kwamba yeye amezoea safari, au kwamba mkanda utamkunja kanzu. Lakini abiria huyo huyo, siku ya pili akipanda matatu kwenda Meru au Nanyuki, akionyeshwa mkanda hununa kana kwamba ametukanwa.

Kwa nini tukubali angani na tukatae barabarani? Katika historia ya Kenya yuko mtu mmoja aliyelichukua swali hilo kwa uzito kuliko viongozi wote waliomtangulia, na asiyengoja jibu la mtu. Naye ni marehemu John Njoroge Michuki, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi na Mawasiliano kuanzia mwaka 2003 hadi mwishoni mwa 2005. Hata leo, miaka mingi baada ya kufa kwake, kanuni za magari ya abiria huitwa kwa jina lake. Ni mawaziri wachache waliopata heshima hiyo, na wachache zaidi walioipata kwa sababu ya kipande cha utepe na kifungo cha chuma.

Michuki alizaliwa mwaka 1932 huko Kangema, katika wilaya ya Murang'a. Alisoma katika shule ya Mang'u, na baadaye akavuka bahari kwenda Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, kujifunza mambo ya uchumi na utawala. Aliporudi, nchi ilikuwa ikijiandaa kwa uhuru, na vijana wenye elimu ya namna yake walihitajika sana. Alishika kazi ya mkuu wa wilaya huko Nyeri, kisha akawa katibu mkuu katika Wizara ya Fedha wakati wa serikali ya Mzee Jomo Kenyatta. Kuanzia mwaka 1970 hadi 1979 aliongoza Benki ya Biashara ya Kenya.

Katika miaka yote hiyo alijulikana kuwa mtu wa faili, saa na nidhamu. Hakuwa msemaji wa kuchekesha watu mikutanoni. Watu wa kwao walimpa lakabu ya Kimendeero, maana yake mwenye kuponda, na lakabu hiyo haikumkalia vibaya. Aliingia Bungeni mwaka 1983 kuwakilisha Kangema, akarudi 1992 kwa tiketi ya FORD-Asili wakati wa mfumo wa vyama vingi. Muungano wa NARC uliposhinda uchaguzi wa Desemba 2002, Rais Mwai Kibaki alimkabidhi wizara ya uchukuzi. Alikuwa na umri wa miaka 70, umri ambao wengi hutafuta kivuli na msala wa kupumzikia.

Ili kuelewa alichokikuta, yafaa kukumbuka matatu ilikotoka. Jina lenyewe latokana na senti kumi tatu zilizokuwa nauli zamani. Mwaka 1973 Mzee Kenyatta aliyaruhusu magari hayo kubeba abiria bila leseni maalumu, na tangu hapo yakaenea kama moto wa makuti. Yaliwafikisha watu mahali ambapo mabasi hayakufika, na yaliwapa vijana wengi riziki. Lakini mwanzoni mwa karne hii biashara hiyo ilikuwa imeota pembe. Gari lenye viti 14 lilibeba watu 18 au 20. Utingo alining'inia mlangoni, muziki ulipasua masikio, na dereva alikimbizana na mwenzake kugombea abiria wa kituo kinachofuata. Gari lilipopinduka, watu walirushwa nje kama mahindi yanayomwagika guniani. Msibani tulisema ajali haina kinga, tukazika, tukarudi steji.

Methali hiyo ndiyo iliyokuwa adui mkubwa wa Michuki, kuliko wenye magari. Yeye aliamini kwamba ajali ina kinga, na kwamba kinga hiyo yaweza kununuliwa dukani na kufungwa kwa bolti.

Mwezi Oktoba 2003 alichapisha kanuni zake katika gazeti rasmi la serikali. Kila gari la abiria lilitakiwa kuwa na kidhibiti mwendo kisichoruhusu zaidi ya kilomita 80 kwa saa. Kila kiti kiwe na mkanda wa usalama. Nissan ibebe watu 14 na asizidi hata mmoja. Gari lipakwe mstari wa manjano ubavuni na kuandikwa njia linayopita. Dereva na utingo wavae sare, na wawe na cheti cha polisi kuonyesha kwamba si wahalifu. Siku ya mwisho ikapangwa kuwa mkesha wa tarehe 1 Februari 2004.

Wengi walidhani ni maneno ya serikali kama mengine, yatapita kama upepo wa matlai. Wenye magari walilia kwamba vidhibiti mwendo na mikanda ni adimu, na bei yake ni kubwa. Siku ilipofika, zilikuwa siku zile zile Waislamu walipokuwa wakisherehekea Idd ya Kuchinja. Magari mengi hayakuonekana barabarani. Nairobi, Mombasa na miji mingine, watu walipanga foleni, kisha wakaamua kutembea kwa miguu kwenda kazini. Wazee walitembea, wanafunzi walitembea. Waziri hakurudi nyuma. Jambo la kustaajabisha ni kwamba wengi wa waliotembea hawakumlaani. Walichoka kuzika.

Ndipo kazi ya mafundi ilipoanza. Magari mengi ya wakati huo yaliagizwa yakiwa yametumika ng'ambo, mengine yakiwa ya kubebea mizigo, na viti vyake vilichomelewa hapa hapa na mafundi wa jua kali. Viti hivyo havikuundwa kushika mkanda. Fundi alilazimika kutoboa, kuchomelea na kukaza bolti mahali ambapo kiwanda hakikukusudia. Na hapa pana jambo ambalo kila mwenye gari kuukuu anapaswa kulijua. Mkanda ni imara kadiri ya mahali ulipofungwa. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa likigonga na kusimama ghafla katika nafasi ya nusu mita tu, mwili wa mtu wa kilo 70 huuvuta mkanda kwa uzito unaopita tani moja. Bolti iliyotiwa kwenye bati jembamba la sakafu, bila kipande cha chuma kinene chini yake, itachomoka kama jino bovu. Fundi mwaminifu huutafuta mfupa wa gari, yaani chesisi au nguzo ya bodi, akaweka bamba la chuma na nati madhubuti. Fundi wa njaa hufunga mahali pa kuonekana na askari, basi.

Tena, mikanda mingi iliyotiwa katika matatu ilikuwa ya kiunoni tu. Mkanda wa kiunoni humzuia mtu asiruke nje, na hiyo si faida ndogo. Lakini kifua na kichwa hubaki huru kwenda mbele, na nguvu yote huliangukia tumbo na uti wa mgongo. Ule upitao begani ndio bora, ila unahitaji nguzo ya kuufungia juu, na katikati ya Nissan hapana nguzo. Ndiyo sababu dereva na wale wakaao naye mlangoni walipata wa begani, na wa nyuma wakapata wa kiunoni.

Mkanda huo wa begani nao una asili katika ndege, jambo ambalo watu wa Kiwanjani wana haki ya kulifurahia. Aliyeubuni katika umbo tulijualo leo ni mhandisi wa Sweden, Nils Bohlin, aliyekuwa akitengeneza viti vya kumrusha rubani nje ya ndege za kivita zinapopata hatari. Kampuni ya magari ya Volvo ilimwajiri mwaka 1958. Yeye aliunganisha ule wa kiunoni na ule wa begani ukawa kitu kimoja, kinachofungwa kwa mkono mmoja, ubavuni karibu na nyonga. Magari ya kwanza yenye mkanda huo yaliuzwa 1959, na Volvo ikawaruhusu watengenezaji wengine wautumie. Bohlin alifariki mwaka 2002, mwaka ule ule uchaguzi wa Kenya ulipomfungulia Michuki mlango wa wizara.

Hata Marekani, nchi ya magari, ilichelewa. Sheria ya mkanda wa begani katika viti vya mbele vya magari mapya ilianza kazi Januari 1968 tu. Magari yao ya kifahari yenye injini kubwa yaliyotoka kabla ya hapo, kama Ford Mustang ya 1965, yalikuja na mikanda ya kiunoni. Leo wenye kuyatunza wanatoboa nguzo na kuchomelea nati ili watie ya begani, kwa hofu ile ile na hesabu ile ile ya fundi wetu wa matatu. Gari zuri halimwonei mtu huruma.

Katika miezi ya kwanza ya kanuni za Michuki ajali zilipungua, na safari ikawa na adabu. Abiria alikaa kwenye kiti chake pekee yake. Mama aliweza kupanda na mtoto bila kusukumwa. Kisha mwishoni mwa 2005 Michuki akahamishwa kwenda Wizara ya Usalama wa Ndani, na mambo yakaanza kulegea. Vidhibiti mwendo vilichezewa waya. Mikanda ilikatika isifungwe mpya, mingine ikajaa uchafu hata abiria akaogopa kuchafua nguo. Mtu wa kumi na tano akarudi, kisha wa kumi na sita. Mwaka 2018 serikali ilitangaza msako mkubwa kurudisha kanuni zile zile, na kwa siku chache watu wakatembea tena kwa miguu kama 2004. Sheria haikuwa imefutwa. Aliyeisimamia ndiye aliyeondoka.

Haifai kumsifu marehemu kwa jambo moja na kuyaficha mengine. Akiwa Waziri wa Usalama wa Ndani, Machi 2006, polisi waliofunika nyuso walivamia kampuni ya magazeti ya Standard, wakachoma magazeti na kuzima matangazo, naye akakitetea kitendo hicho hadharani. Desemba 2007, nchi ilipowaka baada ya uchaguzi, ndiye aliyepiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Mkono ule ule uliofunga mikanda ulifunga na midomo. Wako wanaomkumbuka kwa hilo zaidi, na hawakosi sababu.

Baadaye, akiwa Waziri wa Mazingira tangu 2008, aliugeukia Mto Nairobi uliokuwa jaa la taka, akaanza kuusafisha. Leo kuna bustani kando ya mto huo yenye jina lake. Alifariki Nairobi tarehe 21 Februari 2012, akiwa na miaka 79, bado ni waziri na mbunge.

Tuirudie Isiolo, maana huko ndiko somo lake linakopimwa. Kwa miaka mingi lami ilikomea mji huo. Aliyeelekea Marsabit na Moyale aliingia vumbini, mara nyingi juu ya lori, akishikilia bomba la chuma pamoja na mbuzi na magunia. Mkanda gani ungemfaa mtu huyo? Kanuni ziliandikwa kwa ajili ya mwenye kiti, na asiye na kiti hazikumwona. Sasa lami imefika Moyale, mabasi yanapita, na mwendo umeongezeka maradufu. Barabara mbovu ilikuwa ikimzuia dereva kwa lazima. Barabara nzuri humwachia akili yake mwenyewe, na abiria naye huachiwa yake.

Wapo wasemao kwamba kufunga mkanda ni kutoiamini kudura ya Mwenyezi Mungu. Watu wa Isiolo ni wafugaji wa ngamia, na wao na sisi wa pwani tunaijua vizuri hadithi ya yule bedui aliyefundishwa na Mtume, rehema na amani zimshukie, amfunge ngamia wake kwanza kisha ndipo amtegemee Mola. Hakuambiwa achague moja. Mkanda wa gari ni kamba ile ile.

Michuki aliweza kumlazimisha mwenye gari kununua mkanda, na askari kuukagua. Hakuweza kuingia katika kila Nissan iendayo Meru au Malindi akauvuta begani mwa kila mtu. Kazi hiyo ya mwisho, ambayo haichukui hata muda wa kusoma Fatiha, aliiacha kwa aliyekaa kitini.