Keith Truscott: mchezaji wa Melbourne aliyekuwa piloti wa vita

Huko Australia wana mpira wa namna yao: watu 18 kila upande, uwanja wa mviringo kama yai, na mchezaji anaruhusiwa kushika mpira kwa mikono. Ni katika mpira huo Keith Truscott alipata jina. Alizaliwa Melbourne mwaka 1916, na juu ya nywele zake nyekundu watu walimuita Bluey, jina linalotoka kwenye rangi ya bluu. Waaustralia ndivyo wanavyotania mtu wa nywele nyekundu.

Alianza kuchezea ekipe ya Melbourne mwaka 1937, akachukua nayo ubingwa 1939. Julai 1940 akaingia jeshi la anga. Septemba ile ile wakubwa wake wakamupa ruhusa acheze fainali, na Melbourne ikashinda tena, ikiipiga Richmond.

Kwenye ndege sasa, mambo yalikuwa magumu. Kuruka, sawa, kutua ndiko kulimusumbua. Alikuwa anakadiria vibaya urefu kutoka chini, karibu afeli mafunzo. Hata hivyo alipelekwa Kanada, halafu Uingereza, na mwaka 1941 akawa kati ya mapiloti waliosikika sana wa ndege za Spitfire. Aliangusha zaidi ya ndege 10 za Wajerumani. Siku moja yeye pia alianguka baharini, kati ya Uingereza na Ufaransa, wakamuokoa. Alipewa nishani ya ushujaa mara mbili.

Mwaka 1942 alirudi kwao, maana Japani ilikuwa inakaribia. Mei alicheza mechi moja tu, kisha akaenda Milne Bay, kule Papua. Mvua haikatiki, matope kila mahali, ndege zinatua juu ya vyuma vilivyotandikwa chini. Mwisho wa Agosti Wajapani walishuka pwani. Komanda wake, Peter Turnbull, akauawa, na Truscott akashika kikosi. Ndege zao zilipiga mashua na askari siku kwa siku, mpaka Wajapani wakaondoka mwanzoni mwa Septemba.

Tarehe 28 Machi 1943, Exmouth Gulf, magharibi mwa Australia, alikuwa katika mazoezi, anajifanya kushambulia ndege ya upande wao, Catalina. Bahari ilikuwa imetulia kama kioo. Urefu ukamudanganya, ndege ikagonga maji. Alikuwa na miaka 26.

Alizikwa Perth. Kila mwaka mchezaji bora wa Melbourne anapewa medali yenye jina lake.