Capablanca, fundi wa kumalizia

Vijana wanaocheza sataranji uani mwa chuo hapa Kindu wanajua kushinda. Kumaliza ndiko kunakowasumbua. Mtu akishakula malkia wa mwenzake anasimama, anaita watazamaji, anamwuliza mwenzake anangoja nini. Anaanza kusogeza kete kwa haraka, na baada ya dakika chache mfalme wa yule aliyezidiwa anajikuta hashambuliwi, lakini hana mraba wa kuendea wala kete nyingine ya kusogeza. Kwa sheria hiyo ni sare. Kelele zinazofuata zinasikika hadi barabarani.

Kwa hiyo katika kurasa hizi za maisha ya watu mashuhuri nimemchagua José Raúl Capablanca wa Kuba, ingawa hakuwa mshairi wala mwanaisimu. Simjui mtu mwingine ambaye maisha yake yalilizunguka hivyo swali hili: ushindi ukiwa tayari mkononi mwako, unaumaliza namna gani, na unamtendeaje aliyeketi mbele yako?

Kwanza niseme juu ya maneno, maana wasomaji wa jarida hili hawatanisamehe nikiyaruka. Wengi wetu tulijifunza mchezo huu kwa Kifaransa. Tunasema eshek, tunasema mat, na ile kete ambayo Waingereza wanaiita askofu sisi tunaiita fu, yaani mwendawazimu. Sataranji ni jina lililofika pwani kwa njia ya Kiarabu, na Waarabu walilipokea kwa Waajemi. Eshek nayo imetokana na shah wa Waajemi haohao, yaani mfalme. Mat watu hupenda kuihusisha na mauti, kwa kuwa Kiarabu kina mata, amekufa. Lakini wako wataalamu wanaoirudisha kwenye neno la Kiajemi la mtu aliyekwama, asiye na la kufanya. Nafuata maana hii ya pili kwa sababu inalingana na sheria: katika sataranji mfalme haliwi kamwe. Mchezo unakoma yeye akiwa bado amesimama ubaoni. Capablanca alicheza kama mtu aliyelielewa jambo hilo kabla ya kufundishwa.

Alizaliwa Havana tarehe 19 Novemba 1888, Kuba ikiwa bado chini ya Wahispania, na baba yake akiwa afisa katika jeshi lao. Alisimulia mwenyewe kwamba alijifunza mchezo akiwa na miaka minne, kwa kumtazama baba yake akicheza, na kwamba jambo la kwanza alilolifanya lilikuwa kumwonyesha baba kuwa amemsogeza farasi kinyume cha sheria. Mwaka 1901 alimshinda Juan Corzo, bingwa wa kisiwa kizima. Baadaye alipelekwa Marekani kusoma uhandisi wa kemia katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Hakumaliza masomo. Saa zake nyingi alizipitisha Manhattan Chess Club, na huko ndiko alikohitimu kwa namna yake.

Mwaka 1909 alipambana na Frank Marshall, bingwa wa Marekani, mtu aliyeogopwa kwa mashambulizi yake na zaidi kwa ujanja wake wa kujinasua alipokuwa taabani. Capablanca alishinda michezo 8, akashindwa 1, na michezo 14 ikawa sare. Marshall alikuwa na kila sababu ya kumchukia kijana huyo. Badala yake alisimama kumtetea aalikwe San Sebastián, Hispania, kwenye mashindano ya 1911 ya mabingwa wakubwa. Wawili kati ya walioalikwa, Bernstein na Nimzowitsch, walinung'unika kwamba huyu hajafikia cheo chao. Capablanca aliwashinda wote wawili, na mashindano akayachukua. Mimi, kila nikisoma habari hiyo, humkumbuka Marshall kwanza. Adabu ya aliyeshindwa nayo ni sehemu ya mchezo.

Serikali ya Kuba ilimpa kazi katika wizara yake ya mambo ya nje mwaka 1913, na kazi hiyo kwa kweli ilikuwa kusafiri na kucheza. Tangu 1916 hadi 1924 hakushindwa mchezo hata mmoja wa mashindano. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1921, alimvua ubingwa wa dunia Emanuel Lasker, Mjerumani aliyekuwa ameukalia tangu 1894. Walicheza Havana, kwenye joto. Capablanca alishinda michezo 4, 10 ikawa sare, na hakushindwa hata mmoja. Walipatana kucheza hadi michezo 24, lakini Lasker alipoona njia imefungwa aliacha baada ya 14. Hakuna aliyemsukuma aondoke.

Mwaka huohuo kilitoka kitabu chake Chess Fundamentals, na hapa naomba nikae kidogo, maana ndipo penye somo lenyewe. Vitabu vingi vya mchezo huu humwanzisha msomaji mwanzoni mwa mchezo. Capablanca anaanzia mwisho. Ukurasa wa kwanza tu ubao uko karibu mtupu: mfalme na mnara mmoja dhidi ya mfalme peke yake. Anamtaka mwanafunzi ajue kumfunga mfalme huyo pembeni mwa ubao kabla ya kujua chochote kingine, na anaonyesha kwamba mnara peke yake hauwezi. Lazima mfalme wako mwenyewe atoke, aje kusaidia. Wanaoanza humficha mfalme wao hadi mwisho kama bibi harusi. Yeye, hatari zilipopungua ubaoni, alimfanya mfalme kuwa mfanyakazi.

Jambo la pili ni kubadilishana kete. Ukiwa na kete tano na mwenzako nne, tofauti yenu ni ndogo, na katika msongamano huo mtego unaweza kujificha. Mkibadilishana moja kwa moja mpaka wewe ubaki na moja na yeye asiwe na kitu, tofauti ileile ya kete moja imekuwa kila kitu. Capablanca alibadilishana bila huruma na bila haraka. Watazamaji waliotaka kuona malkia akitolewa kafara walichoka kumwangalia. Lakini mfikirieni aliyeketi ng'ambo ya ubao: hakudhihakiwa wala hakuchezewa kama paka anavyochezea panya. Alionyeshwa mlango, ukafungwa taratibu, na akaachiwa achague mwenyewe saa ya kuinuka. Mwenye ushindi hana haki ya kumwambia mwenzake aache. Kuendelea kutafuta sare ukiwa umezidiwa si utovu wa adabu. Ni haki, na wajibu wa aliye juu ni kumwondolea mwenzake matumaini hayo kwa kazi safi. Wanaotengeneza malkia wa tatu wakati mmoja angetosha wanadhani wanamwaibisha mpinzani. Wanajitafutia sare.

Mfano ambao walimu wa mchezo hawachoki kuuonyesha ulichezwa New York mwaka 1924, katika mashindano yaleyale ambamo Réti alikuwa ndiyo kwanza ameivunja ile miaka minane ya kutoshindwa. Capablanca alikuwa na nyeupe dhidi ya Tartakower. Ilibaki minara na askari tu. Mnara wake ulikuwa umekaa mstari wa saba, ukimbana mfalme mweusi ukingoni, na alikuwa na askari mmoja aliyekuwa akielekea kuvuka. Mtu mwingine angelinda askari zake. Yeye alimtoa mfalme wake matembezini, akaacha askari wawili waliwe, tena kila mara kwa shaha, na mfalme akazidi kusonga mbele. Alipofika karibu na askari mweusi aliyekuwa wazi, hakumla. Alipita kando yake na kumwacha awe ngao ya kumkinga na mnara wa adui. Kutoka hapo, mfalme, mnara na yule askari walitosha. Askari alizozitoa zililipwa zote, na Tartakower alikubali ameshindwa.

Sasa nifike 1927, Buenos Aires. Mpinzani alikuwa Alexander Alekhine, Mrusi aliyehamia Ufaransa, ambaye hadi hapo alikuwa hajawahi kumshinda Capablanca. Ilipasa kushinda michezo 6. Walicheza 34, kuanzia Septemba hadi mwisho wa Novemba. Ninaourudia mara kwa mara ni mchezo wa 27. Capablanca alikuwa nyuma kwa hesabu, lakini mchezo huo alikuwa ameushinda. Kilichobaki ni kumalizia, kazi ambayo dunia nzima ilimpa yeye cheti chake. Alipopigwa shaha, mfalme alikuwa na mraba mzuri wa kwenda na mwingine mbaya. Alimpeleka kwenye mbaya. Malkia wa Alekhine akaanza kumpiga shaha mfululizo, hakuna pa kujificha, ikawa sare. Wanaosema alikuwa mvivu huutaja mchezo huo. Naona wanarahisisha: mtu aliyezoea kuona kila kitu kwa kutupa jicho ataona hivyo siku elfu, na siku moja hataona.

Mchezo wa 34 ulikuwa mrefu, minara na askari tena, na safari hii mwanafunzi wa umalizaji alikuwa Alekhine. Ulipoahirishwa ili uendelee siku iliyofuata, Capablanca hakurudi ubaoni. Alituma barua kukubali ameshindwa na kumpongeza bingwa mpya. Alekhine alikuwa na 6, yeye 3.

Kilichofuata kinaniuma zaidi ya kushindwa kwenyewe. Mwaka 1922 huko London, Capablanca akiwa bingwa, alitunga masharti ya kugombea taji, na mabingwa wenzake wakayatia sahihi. Mojawapo lilikuwa kwamba anayetaka kugombea alete kitita cha dola 10,000. Sasa yeye ndiye aliyekuwa akigombea, na Alekhine aliyashikilia masharti hayo hadi senti ya mwisho, hata uchumi wa dunia ulipoanguka na fedha kama hizo kukosekana. Akakubali kucheza na wengine. Kisheria Alekhine hana kosa. Lakini ubao ulikuwa umefungwa kwa namna ambayo Lasker hakufungiwa wala Marshall, na mchezo wa marudiano haukuchezwa kamwe.

Capablanca alisubiri miaka kumi na minne. Mwaka 1936 alishinda Moscow. Mwaka huohuo, Nottingham, alikuwa wa kwanza sawa na Botvinnik, na humo alimshinda Alekhine.

Jioni ya tarehe 7 Machi 1942 alikwenda Manhattan Chess Club kama alivyozoea. Hakuwa akicheza. Alisimama kutazama mchezo wa watu wengine, kisha akaomba asaidiwe kuvua koti, akaanguka. Alifariki asubuhi iliyofuata katika hospitali ya Mount Sinai, ambamo Lasker naye alikuwa amefia mwaka mmoja kabla yake. Mwili ulirudishwa Havana.