Edmund Burke na shule ya watoto wa wakimbizi

Edmund Burke alizaliwa Dublin mwaka 1729, akawa mbunge Uingereza. Mwaka 1790 aliandika kitabu cha kuyapinga mapinduzi ya Ufaransa. Alifundisha kwamba taifa ni ushirika wa waliokufa, walio hai na watakaozaliwa. Kizazi kimoja kisivunje yote kwa jina la uhuru. Marafiki kadhaa walimwacha. Wafaransa waliokimbia nchi yao walizidi kuingia Uingereza.

Mwaka 1794 alifiwa na Richard, mtoto pekee aliyebaki naye. Uchungu ulioje kwa mzee! Hata hivyo, mwaka 1796, mwenyewe mgonjwa, alianzisha shule kijijini Penn, karibu na kwake, kwa wavulana wa wakimbizi hao. Burke alikuwa Mwanglikana, lakini mwalimu mkuu alikuwa padri Mkatoliki, Mfaransa mwenzao. Alifariki mwaka 1797. Shule iliendelea hadi 1820.