Argwings-Kodhek, wakili wa wasiokuwa na mtu

Nimeendesha lori baina ya Mombasa na Nairobi kwa miaka 18. Mizigo mingi tuliishusha maghala ya Industrial Area, lakini safari nyingine tulipeleka vigae na saruji upande wa magharibi wa mji, Hurlingham na Kilimani, ambako maghorofa yalikuwa yakiota kama uyoga. Huko tulikuwa tukipita Barabara ya Argwings Kodhek hadi karibu na Yaya. Siku moja taniboi wangu aliniuliza huyu Argwings alikuwa Mzungu gani. Nikamjibu kuwa pengine ni mlowezi wa zamani. Mpaka leo nikikumbuka jibu lile naona haya.

Nilikuja kumjua mwenye jina hilo kwa sababu ya kesi. Nilisimamishwa njiani nikaambiwa nimezidisha uzani, na karatasi yangu ya mizani nilikuwa nayo mfukoni, safi. Madereva wenzangu wakanipa ushauri tunaopeana siku zote: kubali kosa, lipa faini, gari liondoke. Mwenye mzigo anangoja, na lori likilala kituoni ni hasara ya tajiri na kazi yako iko hatarini. Mara hii nilikataa. Jamaa mmoja akanipeleka kwa wakili kijana, ofisi yake iko katikati ya mji, ngazi tatu juu. Ukutani alikuwa ametundika picha ya mtu mweusi aliyevaa suti. Nilipomuuliza ni nani, akanieleza kuwa ndiye Mwafrika wa kwanza kufungua ofisi ya uwakili Kenya, na ndiye yule wa ile barabara.

Clement Michael George Argwings-Kodhek alizaliwa mwaka 1923 huko Gem, Nyanza. Alisoma shule ya St Mary's Yala, kisha Makerere, halafu akapelekwa Uingereza. Serikali ya kikoloni haikumpeleka kusomea sheria, kwani haikutaka Mwafrika wa Kenya aijue sheria kuliko inavyotakiwa. Yeye akaisoma vivyo hivyo, na mwaka 1951 akakubaliwa kuwa wakili London.

Aliporudi nyumbani mwaka 1952 alipewa kazi ya sheria serikalini, kwa thuluthi moja tu ya mshahara wa Mzungu mwenye kazi ile ile. Akaikataa, akafungua ofisi yake mwenyewe Nairobi. Alirudi pia na mke, Mavis, mwanamke wa Kiayalandi. Nairobi ya wakati ule ilikuwa imegawanywa kwa rangi: Wazungu magharibi na kwenye vilima, Wahindi Ngara na Parklands, Waafrika mashariki ya mji. Hapakuwa na mtaa uliopangwa kwa nyumba kama yao.

Oktoba mwaka huo huo ikatangazwa Hali ya Hatari. Kesi iliyojulikana dunia nzima ilikuwa ya Kapenguria, ya Jomo Kenyatta na wenzake watano. Mmoja wao alikuwa Fred Kubai, kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa uchukuzi, yaani watu wa kazi yetu hii ya usukani. Hao walipata mawakili wakubwa: D.N. Pritt kutoka Uingereza, na mawakili wa Kihindi wa Nairobi kama Achhroo Kapila na Jaswant Singh. Lakini nyuma yao kulikuwa na maelfu ambao majina yao hayakuandikwa gazetini. Kukutwa na risasi moja mfukoni kulitosha kumpeleka mtu kitanzini. Zaidi ya watu 1,000 walinyongwa miaka ile.

Hao wasiokuwa na majina ndio waliokuwa wateja wa Argwings-Kodhek. Alisimama mahakamani kuwatetea watu walioshtakiwa kuwa Mau Mau, wakati kumtetea mtu kama huyo kulimfanya wakili mwenyewe aonekane mhalifu. Walowezi wakamwita wakili wa Mau Mau. Walimkusudia tusi, lakini jina likageuka kuwa sifa. Na yeye hakuwa Mkikuyu. Alikuwa Mjaluo, na angeweza kusema vita vile havimhusu.

Kuna jambo moja hapa ambalo sisi wa Pwani tunalipita kila safari bila kulifikiri. Aprili 1954 jeshi liliizingira Nairobi katika operesheni iliyoitwa Anvil. Watu walikusanywa mitaani, wakapakiwa kwenye malori kama magunia, wakapelekwa Langata kuchujwa. Zaidi ya 20,000 wakaishia kizuizini, wengi wao Manyani na Mackinnon Road. Ndiyo, Manyani hiyo hiyo na Mackinnon hiyo hiyo tunakosimama kunywa chai. Wengi wa watu hao hawakufikishwa mahakamani hata siku moja, na pasipo mashtaka wakili hana mahali pa kusimama. Ndipo utakapoelewa kwa nini mtu yule hakutosheka na mahakama akaingia siasa.

Serikali iliporuhusu vyama vya wilaya mwaka 1955, aliunda Nairobi District African Congress. Machi 1957 akagombea kiti cha Nairobi akashindwa na kijana Tom Mboya. Katika uchaguzi huo huo Ronald Ngala alichaguliwa kutoka Pwani. Mwaka 1963 Argwings-Kodhek akawa mbunge wa Gem, na alipofariki alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje.

Alifariki tarehe 29 Januari 1969, kwa gari, katika Barabara ya Hurlingham. Serikali ilisema ni ajali. Wengi hawakuamini, na hasa baada ya Mboya kupigwa risasi katikati ya mji Julai mwaka huo huo. Mimi sina ushahidi wa kusema vingine, na dereva mkongwe anajua kuwa ajali ni ajali. Lakini wazee wetu wataelewa uchungu wa watu wa Gem. Desemba 1972 sisi nasi tulimpoteza Ngala kwa ajali ya gari, katika njia hii hii ya Nairobi, na maswali yake hayajakwisha vibarazani. Barabara ile ya Hurlingham ikapewa jina la Argwings-Kodhek, pale pale alipokata roho.

Kesi yangu ilikwisha kwa karatasi ile ya mizani. Wakili kijana aliitoa, hakimu akaisoma, nikaachiliwa. Haikuchukua dakika kumi. Nikafikiria ni mara ngapi nilikubali makosa ambayo si yangu, kwa kuwa tu sikuwa na wa kunisemea na mzigo ulikuwa unangojwa.

Leo Katiba ya 2010, Kifungu cha 50, inampa kila mshtakiwa haki ya kuwa na wakili, na pale ambapo kutokuwa naye kutaleta dhuluma kubwa, serikali imtafutie. Argwings-Kodhek hakuwa na kifungu hicho cha kushika. Alikuwa na shahada yake na moyo wake. Sisi tunacho, na bado vijana wetu wa Changamwe na Miritini wanasimama kizimbani peke yao, wanakubali makosa ili lori liondoke.

Nawaomba madereva wenzangu wa Pwani: kabla ya kusema ndiyo mbele ya hakimu, omba kwanza nafasi ya kuzungumza na wakili. Ni haki yako, si hisani. Na ukipita Hurlingham na taniboi wako akakuuliza yule alikuwa nani, usimjibu kama nilivyojibu mimi.